Kilo mia na arobaini

Nairobi, Jumapili 14 Septemba 2008

Nimehesabu mara ya tatu: shilingi za kununulia dola 900. Mia nne ni za likelemba, mchango wetu wa kupokezana; kina mama wenzangu hapa Kawangware wamekubali zamu yangu isogezwe mbele, nami nimeapa sitakosa mchango hata mwezi mmoja. Mia tatu ni za cherehani ya pili. Zilizobaki zilikuwa karo ya mtoto.

Wiki jana nilipigiwa simu kutoka Goma na mtu aliyeshuka kutoka Bisie, mlima wa machimbo huko Walikale. Mdogo wangu ameangukiwa na jiwe shimoni. Mguu wa kulia umevunjika, na hii ni wiki ya nne amelala kambini. Hawezi kushuka kwa sababu ana deni kantini. Nikauliza deni la kiasi gani. "Kilo mia na arobaini." Nikamwambia, baba, naulizia pesa. Akajibu, "Ndiyo pesa yenyewe, mama. Kule ni kilo."

Jumatatu 15 Septemba

Nimenunua dola mjini, shilingi 72 kwa dola moja. Nilimwomba kijana wa dirishani noti saba za mia, za kichwa kikubwa, toleo jipya, zisizo na mkunjo, zisizo na wino wa kalamu. Akanitazama: "Unaenda Kongo." Wanatujua. Zilizobaki nimechukua za 20 na za 10.

Usiku nimezishona ndani ya pindo la sketi ya ndani. Mimi ni fundi; pindo nililolifunga mwenyewe halifunguki njiani.

Kampala, Jumatano 17 Septemba

Mpakani Malaba vijana wenye mabunda ya noti walinizunguka kabla sijaweka mguu chini. Nilibadilisha pesa ya chakula tu. Yule aliyenihudumia alihesabu mbele yangu, kisha akaomba mabunda arudie kuhesabu. Nikamkatalia, kwa maana ni katika kule kurudia noti zinapopungua. Mama yetu alitufundisha hilo sokoni Bukavu tungali wadogo: ukishapokea, mkono wa mwingine usirudi.

Nairobi siku hizi tunatumiana pesa kwa simu, tangu Machi mwaka jana. Ingekuwa mdogo wangu yuko Machakos, jambo hili lingekwisha nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Goma, Ijumaa 19 Septemba

Nimevuka kwa miguu kutoka Gisenyi. Tangu nitoke nchini mwaka 1996 sijaukanyaga mji huu, na mawe meusi ya Nyiragongo ya 2002 yamefunika mitaa niliyoijua. Nilitoka tukiwa na zaire. Nimerudi kwenye franga. Ilinibidi nisimame barabarani nijifunze sura za noti kama mtoto.

Noti kubwa kuliko zote ni ya franga 500, haifiki dola moja. Wabadilishaji wamekaa chini ya miavuli na mabunda yao mezani kama matofali, mashine ya hesabu mkononi. Leo ni 560 kwa dola. Ukitoa noti moja ya mia unapewa noti 112, na utazibeba kwa mfuko wa plastiki mbele ya watu wote. Sarafu hakuna kabisa.

Nilifungua pindo kwenye chumba cha wageni, nikapeleka noti tatu. Mbadilishaji, kijana mpole, akainua ya kwanza akaielekeza juani. Akaigeuza. Akainua ya pili. "Mama, hizi zimechomwa sindano."

Nilitazama. Kweli. Tundu dogo, kisha tundu dogo, mstari ulionyooka kama nilivyofundishwa kuunyoosha. Noti tatu kati ya saba. Nilikuwa nashona usiku, kwa taa ndogo, nikiharakisha, na sindano ikapita kwenye karatasi nami sikuhisi. "Nitakupa 85 kwa kila moja," akasema, "na mimi pia nitahangaika nazo." Nilizunguka meza nne. Wawili walikataa kabisa. Nikarudi kwake na noti moja tu, kwa 85.

Jambo lililoniuma ni hili. Franga alizonipa zilikuwa nyeusi kwa jasho, nyingine zimeunganishwa kwa gundi, moja haina kona, na hakuna aliyeuliza. Noti ya nchi hii inaweza kuchakaa hadi iwe kitambaa na bado itanunua sombe. Noti ya Marekani lazima iwe kama imetoka kuzaliwa.

Usiku, Goma

Sikupata usingizi; namfikiria baba.

Baba alikuwa na sanduku la chuma chini ya kitanda. Aliuza samaki wa ziwani, na kila mwisho wa wiki aliweka zaire humo, kwa sababu benki ilikuwa mbali na hakuipenda. Zaire ilipoanzishwa mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Alipenda kutuambia hivyo: dola mbili! Noeli ya 1979, tukiwa bado na mabaki ya wali kwenye sahani, redio ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si pesa tena. Siku za kuzibadilisha zilikuwa chache, kiasi kiliwekewa mpaka, na mipaka ya nchi ikafungwa. Baba alisimama foleni akarudi, na nusu ya sanduku bado ina karatasi. Hakuzitupa. Alizifunga kwa kamba, zikakaa pale pale.

Alianza upya. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: milioni 3 za zamani kwa moja mpya. Mwaka 1998, nami nimeshaondoka, ikaja franga: zaire mpya 100,000 kwa franga moja. Nimefanya hesabu hapa kitandani. Kila franga moja niliyoibeba leo kwenye mfuko zimezikwa ndani yake zaire za baba bilioni 300. Haiingii akilini, lakini ndiyo hesabu yenyewe.

Kwa hiyo siwezi kuwalaumu wanaoiinua noti ya kigeni juani. Watu hawa wameibiwa na karatasi mara tatu katika maisha ya mtu mmoja. Wanaiangalia karatasi iliyobaki kwa macho yote waliyo nayo.

Njingala, Jumatatu 22 Septemba

Ndege ndogo, dola 100, noti safi. Tulikaa juu ya magunia ya mchele na katoni za sabuni. Pale Kilambo ndege inatua juu ya barabara yenyewe: wanajeshi wanasimamisha pikipiki na wapita njia, ndege inashuka juu ya lami, inashusha bia na mchele, inapakia magunia madogo mazito ya jiwe la machimboni, inaondoka. Gunia la kilo 50 ni dogo kiasi cha kukumbatiwa na mtoto, ila hatalinyanyua.

Kutoka hapo pikipiki hadi Njingala. Kesho ni msitu.

Msituni, Jumatano 24 Septemba

Siku ya pili ya kutembea. Matope hadi magotini, madaraja ya magogo. Tunapishana na wabebaji wanaoshuka, kila mmoja na kilo zake 50 mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hawasemi, wanapumua tu. Tunawapisha.

Bei zinapanda kadiri tunavyopanda. Chupa ya maji niliyoiacha Njingala kwa franga 500, saa nne mbele ni 1,000, na leo asubuhi ni 1,500. Kila kitu hapa kimebebwa na mgongo wa mtu na mgongo huo umelipwa.

Kwenye vizuizi wanaopanda wanatoa franga. Wanaoshuka wanapunguziwa jiwe: mtu mwenye bunduki anafungua gunia, anachota kilo zake, analifunga. Hakuna risiti. Nilimwuliza mbebaji mmoja kama kilo zinazopotea njiani ni zake au za mwenye mali. Akasema, "Ni za jiwe, dada."

Bisie, Alhamisi 25 Septemba

Nimemwona. Amekonda, macho ndiyo yale yale. Mguu umefungwa kwa vipande vya mbao na bendeji ya nguo ya zamani. Aliponiona alisema, "Yaya, dada yangu, umekuja na viatu vya mjini," kisha akalia, nami nikalia. Nimemwosha. Sitaandika zaidi ya hayo leo.

Ijumaa 26 Septemba

Kambi yote imejengwa kwa turubai na miti kando ya mlima, nyumba kwa nyumba, na mlima umetobolewa kama kichuguu. Jiwe lilianza kuchimbwa hapa mwaka 2002 hivi. Kabla ya hapo palikuwa msitu mtupu. Sasa kuna kantini, wauza dawa, vinyozi, makanisa, mahali pa kuonyesha video.

Na pesa ni kilo. Nimeona kwa macho yangu. Mchimbaji anaingia kantini na soksi iliyojaa mchanga mzito mweusi. Mama anaitundika kwenye mizani ya ndoano. Sindano ya mizani inashuka. Mtu anaondoka na sardini na betri. Kwa vitu vidogo wanapima kwa kopo la nyanya. Lile kopo lenyewe limepakwa bati kwa ndani ili chakula kisioze, na bati ndiyo wanayoichimba. Si bati la kuezekea nyumba. Ni ile metali nyeupe inayounganisha waya ndani ya redio na simu. Jiwe limetoka hapa, likazunguka dunia, limerudi likiwa kopo, na sasa linalipima jiwe jingine.

Kilo haina kichwa kikubwa wala kidogo. Haichakai, hailowi, haitobolewi na sindano. Jana usiku nililala nikidhani nimeipata pesa iliyo bora kuliko zote. Leo mwenye shimo, wanayemwita PDG, ameniambia kwamba kilo nayo ina mwenye kuiamuru, naye yuko London. Huko ndiko bei ya bati inakotajwa kila siku. Mwezi wa tano tani moja ilipita dola 25,000. Tangu hapo inateremka. Wanunuzi wa hapa wanasikia kutoka kontwari, wanunuzi wakubwa wa Goma, kontwari zinasikia kutoka kwa wanaowauzia, na soksi ya mchimbaji inapungua thamani ikiwa imetundikwa kwenye mizani.

Jumapili 28 Septemba

Nimeenda kumwona mama wa kantini baada ya misa. Mtu mzima kuliko mimi, mjane, wa huku huku Walikale. Alinipa kigoda na chai kabla ya maneno yoyote. Kisha akatoa daftari la shule.

Kila kitu kiko humo. Sukari, kilo 1. Betri mbili, kilo 1. Dawa ya malaria, kilo 4. Buti, kilo 12. Jumla 140. Hakuna dola wala franga hata mahali pamoja.

Mdogo wangu anasema: deni ni kilo, apewe kilo. Leo kilo inanunuliwa dola 2 na nusu hapa mlimani, na wote wanasema wiki hii itashuka tena. Tungoje, tununue jiwe kwa bei ya chini, tumpimie 140, tuondoke. Kisheria hana kosa. Maandishi yanasema kilo.

Mama anasema: "Mwanangu, sukari hii nimeinunua Goma kwa dolari, nikailipia ndege kwa dolari, nikaulipa mgongo wa mbebaji. Nilipomkopesha, kilo ilikuwa tatu na nusu. Ukinipa jiwe la leo, mimi ndiye niliyevunjika mguu."

Nimerudi bila kujibu.

Jumanne 30 Septemba

Kilo imefika dola 2. Wachimbaji wawili wa shimo la jirani wamefunga virago wanarudi mashambani. Mdogo wangu ananitazama kama mtu aliyeshinda. "Sasa, yaya. Dola 280 tu."

Nilikaa nje muda mrefu. Dola 280 zingenibakizia karo ya mtoto nzima. Lakini nilikuwa naliona sanduku la baba. Serikali ilimwambia vile vile: karatasi ni hii, maandishi ndiyo haya, leo thamani yake ni nyingine. Haikuvunja neno lolote lililoandikwa. Ilimwachia kamba na karatasi.

Nimemwambia mdogo wangu hapana. Amekasirika, amegeukia ukutani. Ana haki ya kukasirika; mguu ni wake.

Alhamisi 2 Oktoba

Tumelipitia daftari na mama, ukurasa kwa ukurasa, kama ninavyopitia vipimo vya mteja. Tarehe alikuwa ameziandika zote. Vya Juni, kilo 50, kwa 3.50: dola 175. Vya Julai, kilo 60, kwa 3: dola 180. Vya Agosti, kilo 30, kwa 2.50: dola 75. Jumla 430. Akafunga daftari, akanyamaza, akasema, "Toa 50 ya mguu wake." Nimelipa 380: tatu za mia zilizo safi, na 80 za noti ndogo. Aliziinua zote juani, moja baada ya nyingine, nami sikuona vibaya.

Nikamwonyesha zile mbili zilizobaki zenye matundu. Hakuzigusa. Aliingia ndani akatoka na karatasi ya dawa iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na noti tatu za mia za kwake. Moja imechanika kona. Moja ina muhuri mwekundu wa benki ya mbali. Moja ni ya kichwa kidogo, ya zamani. Amekaa nazo miaka. Goma hawazitaki, Bukavu hawazitaki. Ni dola 300, na kwake si kitu.

"Kule kwenu Nairobi wanaona vingine," akasema. "Zipeleke."

Nilimwambia Marekani haijawahi kuifuta noti yake hata moja. Ile ya kichwa kidogo ni pesa halali hadi leo, Washington. Akasema, "Washington sijui njia yake. Yako ninaijua, umeijia kwa miguu." Hakuomba risiti. Nilimwandikia hata hivyo, kwenye daftari lake, chini ya jina la mdogo wangu: nimepokea noti tatu, na namba ya kila noti.

Njingala, Jumatatu 6 Oktoba

Siku tatu msituni na kipoi, machela ya kumbebea mdogo wangu. Wabebaji wanne; wiki mbili zilizopita wangekubali jiwe, sasa wanataka dola, 20 kila mmoja. Wenzake wa shimoni walichanga kilo 40, tukaziuza kwa dola 2 kila moja, ikawa sawasawa na malipo ya kipoi. Mdogo wangu hajalalamika hata kwenye magogo. Jana jioni alivunja kimya: "Yaya, na asipopata zile noti zake?" Nikasema atazipata.

Goma, Alhamisi 9 Oktoba

Wakala wa ndege alizipokea noti zangu mbili zenye matundu kwa 85 kila moja, nauli ya watu wawili. Daktari amesema mguu umeunga vibaya na utabidi uvunjwe upya, lakini atatembea. Tutafanya Nairobi.

Mjini kuna wasiwasi wa vita, na bei ya dola inapanda mchana na jioni.

Nairobi, Jumatano 15 Oktoba

Nilipita benki tatu na noti za mama wa kantini. Ya tatu iliingiza ile iliyochanika na ile yenye muhuri kwenye mashine, mashine ikazikubali, na mhudumu hakusema neno. Shilingi 75 kwa dola: 15,000. Ile ya kichwa kidogo alinirudishia. Duka moja la jirani lilisema litaichukua kwa 70. Sikuitoa. Si yangu ya kupunguza.

Kuna mfanyabiashara wetu anaondoka kwenda Goma mwisho wa mwezi. Atampa pesa za mama mnunuzi mmoja anayepanda Bisie.

Alhamisi 30 Oktoba

Redio tangu asubuhi ni Goma. Jana waasi wa Nkunda walifika ukingoni mwa mji, kisha wakatangaza kusimamisha mapigano. Watu wamekimbia na magodoro vichwani. Mfanyabiashara hatasafiri, na anasema hata kama angesafiri, ndege za Walikale hajui.

Jioni nimepita mjini. Dola sasa inauzwa shilingi 79 na nusu. Zile 15,000 za mama, nilizoziweka kwenye bahasha nikaziandika jina lake, leo hazinunui dola 200. Zimepungua zikiwa zimelala kwenye droo yangu, na yeye yuko mlimani hajui. Sikuwa nimefikiria hilo nilipopokea shilingi dirishani kwa furaha.

Nimeongeza 700 kutoka kwenye sare za shule nilizomaliza jana. Mdogo wangu aliniona nikihesabu, akatoa 200 alizopewa na jirani za kununua mkate, akaziweka mezani, hakusema kitu. Nimerudi mjini kabla hawajafunga. Noti mbili za mia, mpya, za kichwa kikubwa, niliziinua mwenyewe kwenye taa ya dirishani, na kijana akasubiri.

Ziko tatu sasa pamoja na ile ya zamani. Nimeziweka ndani ya shajara hii, kwenye ukurasa wa tarehe 2. Sikuzikunja, wala sikuzishona.